Mama Mkwe Katika Nyumba ya Mbu

Fundi alimpima Daktari mkono kabla hata ya kumwuliza habari za nyumbani. Hivyo ndivyo mambo yao yalivyoanza. Daktari, ambaye kazi yake ni kuwatafiti mbu wa malaria, alivuka barabara kutoka kituo cha utafiti, akaingia kwenye duka la cherehani, akaweka juu ya meza kizimba cha waya kilichovikwa neti na kusema anataka kishonewe mkono. Fundi akadhani ni mzaha. Kizimba kilikuwa na tundu moja la duara ubavuni, na hapo ndipo ulipotakiwa mkono wa nguo, kama wa shati, ili mtu apenyeze mkono wake ndani na mbu wasipate pa kutokea.

"Mkono wa kipimo cha nani?" Fundi aliuliza.

"Changu."

Basi akachukua tepu, akampima. Akampima tena. Fundi wa miaka kumi na miwili kazini, anayekadiria suruali ya mteja kwa macho mteja akiwa bado mlangoni, alipima mkono mmoja mara tatu na bado akasahau kuandika. Ilibidi Daktari arudi kesho yake kupimwa upya, na yeye hakulalamika hata kidogo.

Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Tangu hapo Fundi alishashona mikono ya vizimba sitini na ushei. Alipofika kwenye mkono wa ishirini alimwambia Daktari kwamba anampenda, na kwenye wa arobaini Daktari alikubali kuolewa naye. Ndoa ilikuwa imebakiza kitu kimoja tu, radhi ya mama.

Mama yake Fundi si mtu mkorofi, majirani wote watakuambia. Ni mjane, ana mtoto mmoja huyo huyo, na siku aliposikia mwanawe amepata mchumba aliimba jikoni. Nyimbo zilikatika alipouliza mchumba anafanya kazi gani.

"Anafuga mbu, Mama. Kwa ajili ya utafiti."

"Mbu hawa hawa? Na anawalisha nini?"

Hapo mtu mwenye akili angejibu majani, mambo yakaisha. Lakini Fundi hajui kudanganya, na kwa mama yake ndiyo hajui kabisa.

"Madume wanakula maji ya sukari. Majike wanakula damu. Anaingiza mkono wake ndani, wanakula."

Mama alikiweka kikombe chini, akaingia chumbani kwake. Kesho yake akatoa hukumu: achague, mbu au mwanangu. Fundi naye, bila kumung'unya maneno, akamwambia Daktari kwamba anampenda kuliko roho yake lakini bila radhi ya mama haoi. Daktari akasema hawezi kuiacha kazi yake hata wamlilie. Wakakaa hivyo miezi minne, watu wawili wanaopendana wanaagana kila jioni kwenye ngazi za duka la cherehani kama wanaozika.

Aliyeokoa jahazi ni Shangazi, dada yake marehemu baba wa Fundi, mwanamke mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Yeye ndiye aliyemwendea Mama na kumwambia, "Wifi, twende tukaone. Kama ni kukataa, ukatae ulichokiona kwa macho yako." Mama akakubali, kwa sharti kwamba anakwenda mara moja tu, na akitoka huko neno lake lisijadiliwe tena.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Daktari alikuwa amesimama kwenye lango la kituo, koti lake jeupe amelipiga pasi mara mbili.

Mama aliwasili amejihami. Pamoja na jua lote lile alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu, sweta juu yake, soksi nzito, na mtandio ulioacha wazi macho na pua tu. Shangazi aliyemfuata alikuwa amevaa blauzi isiyo na mikono na manukato ya kutosha watu sita.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Shangazi. Karibuni sana."

"Marahaba," Mama alijibu, kama mtu anayelipa nauli asiyoridhika nayo.

"Marahaba, mwanangu!" Shangazi akamkumbatia. "Mbona umekonda? Ndio hao mbu wanakumaliza?"

"Wananibakizia kidogo, Shangazi."

Shangazi alicheka mpaka mlinzi akageuka. Mama hakucheka. Alimtazama Daktari mkono wa kushoto, pale koti lilipoishia, akitafuta alama, na Daktari akauficha mkono mfukoni bila kujua kwa nini.

Mlangoni kwa nyumba ya mbu palikuwa na ukumbi mdogo wenye milango miwili ya neti, ili mmoja ukifunguka mwingine uwe umefungwa. Hapo Mama alifungua mkoba wake, akatoa kopo la dawa ya kupuliza, kopo kubwa, jipya, kifuniko alishakitoa.

Daktari alijiweka mbele ya mlango wa pili. "Mama, nakuomba hilo kopo libaki hapa."

"Kwa nini? Mtu haendi vitani mikono mitupu."

"Ukipuliza mara moja tu humo ndani, kazi yangu ya miaka miwili imekwisha."

Mama aliligeuza kopo, akasoma maandishi yake, kisha akamtazama Daktari. "Kumbe kuwamaliza ni rahisi hivyo? Sasa utafiti wa nini?"

Kwa kweli lilikuwa swali zuri. Daktari alishasimama mbele ya maprofesa, na hakuna aliyewahi kumbana namna ile.

"Hawa wa humu wamezaliwa humu, Mama, dawa hawajawahi kuionja. Wa mitaani wameizoea. Wengine ukiwapulizia wanaona umewapaka manukato."

"Ni kweli, wifi," Shangazi akadakia. "Wa chumbani kwangu napuliza, wanakohoa kidogo, wanaendelea na shughuli."

Mama aliliweka kopo kwenye kiti, karibu kabisa na mlango. "Nimeliweka hapa," alisema, "na najua lilipo."

Ndani kulikuwa na joto na unyevu. Taa zilipunguzwa makusudi, ili mbu wadhani jua linakuchwa. Upande mmoja zilipangwa trei za maji zenye viluwiluwi wanaocheza, upande wa pili rafu za vizimba. Katikati ya chumba alisimama Fundi, tepu shingoni kama kawaida yake, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

Daktari akaona ni kwa nini anatabasamu. Mikono yote ya vizimba ilikuwa mipya. Ilikuwa ya buluu ya mbingu, kila mmoja umetariziwa ua dogo jeupe.

"Nilikuja alfajiri," Fundi alimnong'oneza. "Nilitaka Mama akiingia pampendeze. Niliziba matundu kwa visahani kama ulivyonifundisha, hakutoka mbu hata mmoja."

"Fundi wangu, ni mizuri sana. Lakini mkono mwekundu ulikuwa wa majike na mweupe wa madume. Sasa nitajuaje?"

"Kadi za DUME na JIKE zipo. Nilizitoa zisianguke, nikazirudisha zote. Usiwe na wasiwasi."

Ingekuwa siku nyingine, Daktari angekwenda kizimba kwa kizimba kuhakikisha. Mwenyewe ndiye aliyeandika lile bango ukutani, kwa herufi kubwa, ambalo kila mfanyakazi mpya hulisoma kwa sauti siku ya kwanza: USIAMINI KADI. ANGALIA NDEVU. Lakini Mama alikuwa ameshaanza kupita kwenye rafu, mikono nyuma kama mkaguzi, na Daktari akamkimbilia.

"Ndevu za nani?" Shangazi alikuwa analisoma bango.

"Za madume, Shangazi. Mbu dume ana vipapasio vya manyoya mengi kichwani, kama ndevu. Jike vyake ni vyembamba, havina kitu. Na dume haumi. Anayeuma ni jike peke yake, kwa sababu anahitaji damu apate kutaga mayai."

"Na madume mnawafuga wa nini, kama hawaumi?"

"Hao ndio dawa yenyewe. Tunawapitisha kwenye mionzi wakiwa bado wadogo. Wanakua na nguvu zao zote, wanapenda kama kawaida, ila hawazalishi. Kisha tunawaachia mitaani. Jike wa huko nje akimkubali mmoja wao, mayai yake hayaanguliwi, na huyo jike wa malaria kwa kawaida huolewa mara moja tu maishani. Akishaolewa, harudi tena sokoni."

"Mara moja tu? Hata akifiwa?"

"Hata akifiwa."

"Basi wana msimamo kuliko mimi," alisema Shangazi, aliyeolewa mara tatu na mlango bado hajaufunga.

Mama aligeuka polepole. "Kwa hiyo wewe ni mshenga."

"Mama?"

"Unawapelekea wanawake wa watu wanaume wasiozaa. Mshenga mbaya sana wewe."

Daktari alimtazama asijue acheke au aombe radhi, ndipo akaona pembe ya mdomo wa Mama imecheza kidogo. Kidogo mno, lakini mtu aliyezoea kuangalia ndevu za mbu kwa darubini huona vidogo.

"Ni mshenga mwongo, Mama, nakubali. Ila uongo wangu unawaokoa watoto."

Ile pembe ya mdomo ikatulia. Mama aliutazama ukuta, akasema, "Watoto," basi, hakuongeza neno. Fundi aliinamisha kichwa. Daktari hakuelewa amekosea wapi, na kimya kile kilimtisha kuliko kopo la dawa.

Shangazi, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani wala msikitini, ndiye aliyekivunja. "Sasa huo mkono unaingizwaje? Mimi nataka kuona. Au wifi, ingiza wewe, si ndicho kilichotuleta?"

"Mimi?"

"Si kwa madume? Amesema hawaumi. Au unaogopa?"

"Siogopi kitu mimi," Mama alisema, na kwa jinsi alivyosema ilikuwa wazi kwamba mambo hayo wameyaanza tangu harusi yake.

Daktari alikiona kizimba kilichokuwa mwisho wa meza. Kadi iliandikwa DUME. Akafikiri: akiingiza mkono, akaona hakuna baya, hofu itamtoka yenyewe, nami nitakuwa nimeolewa. Alikiweka vizuri, akafungua kifundo cha mkono wa nguo. Mama alivua sweta, akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akapenyeza mkono wake kama mtu anayetafuta sabuni iliyozama kwenye ndoo.

"Utaona wanatua tu, Mama. Wanatekenya kidogo."

"Mm," Mama alisema.

Hapo ndipo Daktari alipoinua macho akakutana na ya Fundi. Fundi alikuwa amesimama ng'ambo ya meza, amemwangalia mama yake, kisha akamwangalia yeye, na macho yake yalikuwa yamejaa maji kwa furaha. Mama wangu, yale macho yalisema, ameingiza mkono. Kwa ajili yako. Miezi minne ya kuagana kwenye ngazi ilikuwa inayeyuka. Daktari akatabasamu, Fundi akatabasamu, na wakaendelea kutazamana hivyo wakasahau kama duniani kuna wadudu. Shangazi akawa anasimulia habari za mume wake wa pili. Zikapita dakika mbili, labda tatu.

"Wana rangi nzuri wakishiba," Mama alisema kwa utulivu.

Daktari aligeuka. Juu ya mkono wa Mama, toka kifundo mpaka kiwiko, mbu walikuwa wametulia wameinua makalio juu, kila mmoja na tumbo jekundu limevimba kama punje ya komamanga. Aliinama akaangalia vichwa vyao. Hakuna ndevu.

"Mungu wangu! Hawa ni majike!"

Fundi alipauka. Alikimbilia kizimba cha pili, akasoma kadi, akakisogeza kwenye taa, akajishika kichwa. "Nimezibadilisha. Mbili za mwisho, nimezibadilisha. Mama, nisamehe! Ni mimi!"

"Mama, usiukaze mkono. Utoe polepole, nitawapangusa." Daktari aliinama tena mezani. Aliwapangusa mbu mmoja mmoja, akamtoa Mama mkono, akafunga kifundo, akamkalisha kwenye kiti na kumwekea mkononi kitambaa cha maji baridi. Alihesabu vipele. Vilikuwa kumi na kimoja. Hao majike walikuwa wamenyimwa chakula tangu alfajiri ili wale vizuri mchana, na kwa kweli walikuwa wamekula.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," Shangazi alisema. "Na nguo yenyewe kashona mwanao."

Daktari alipiga magoti mbele ya kiti. Alikuwa na nafasi ya kusema ni bahati mbaya, au ni Fundi, kwani Fundi mwenyewe alishakiri. Lakini aliliona bango lake ukutani, na haya zikamjaa.

"Mama, kadi alizibadilisha Fundi, lakini kosa ni langu. Kuangalia ni kazi yangu, wala si kazi ya fundi cherehani. Nimeandika sheria kwa mkono wangu, halafu leo, kwa mtu ambaye nilitaka kumheshimu kuliko wote, sikuangalia. Ukikataa, una haki."

"Nitaugua?"

"Hapana. Mbu hazaliwi na malaria, anaichukua kwa mgonjwa. Hawa wametoka kwenye mayai humu humu, na bibi zao pia. Wa kizimba hiki hawajawahi kumuuma mtu mwingine ila mimi, na mimi napimwa kila wiki."

"Kwa hiyo nikiugua, nimeugua ugonjwa wako."

"Ndiyo, Mama. Nami sina."

Mama alianza kuusugua mkono. Kisha Daktari akauliza kile kilichokuwa kinamkereketa. "Mama, walikuwa wanakuuma tangu mwanzo. Mbona hukutoa mkono?"

"Wa kwanza nilimsikia mara moja. Nikaona haya, huyu wifi yangu angenicheka mpaka kaburini." Mama aliacha kusugua. "Halafu nikamwona. Unajua, sijawahi kumwona. Namsikia sikioni, nampiga kofi, nampulizia, lakini kumtazama usoni, sijawahi. Kitu chembamba hivi. Miguu kama nyuzi. Nikasema, ni wewe?"

Fundi alikaa chini sakafuni.

"Kabla ya huyu mwanangu alikuwepo wa kike," Mama aliendelea, akimwambia Daktari peke yake. "Picha yake iko dukani kwa Fundi."

Daktari aliijua ile picha. Msichana mdogo, meno ya mbele hayapo, anacheka. Fundi alikuwa amemwambia ni dada yake, alikufa kwa homa, akabadilisha mazungumzo.

"Alikuwa na miaka sita. Siku tatu tu. Leo unaniambia mwanangu anataka kuoa mwanamke anayemlisha aliyeniulia mtoto. Anamlisha damu yake mwenyewe, kwa hiari, kama mtu anamnyonyesha. Ungekuwa wewe, ungesemaje?"

"Ningesema hapana," Daktari alijibu, na machozi yakamtoka bila kujizuia. "Ningesema achague."

"Basi. Sasa niambie kwa nini."

Daktari alijifuta kwa mkono wa koti. "Namlisha ili nimjue, Mama. Nijue anakula saa ngapi, analala wapi, anamkubali mume wa namna gani. Yeye anatujua sisi vizuri sana. Anajua tukilala, anajua tundu la chandarua liko wapi. Sisi tulikuwa tunampiga makofi gizani. Kuna mtaa mmoja tulikoachia madume, safari hii mvua zilipokwisha tuliwakamata majike wachache mno, nikahesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Sijamaliza. Huenda nisimalize mimi. Ila nikimwacha, nani atamwangalia usoni?"

Kisha, kwa kuwa maneno yalimwishia, akafanya anachokijua. Alisimama, akakunja mkono wa koti, akafungua kifundo cha kile kizimba, akapenyeza mkono wake wa kushoto mle mle ulimotoka wa Mama. Alama ndogo ndogo alizozificha mfukoni asubuhi zilionekana zote. Waliokuwa bado na njaa walitua papo hapo. Wawili waliokatishwa kula kwa Mama wakaja kumalizia.

Shangazi alisogeza uso kwenye neti. "Huyu si alikuwa kwa wifi sasa hivi? Yupo kwa bibi harusi!" Akapiga makofi. "Wifi, ulimkataa huyu binti kwa damu anayowapa mbu. Damu yako na yake ziko tumbo moja sasa, mnangoja kikao gani?"

Ilianza kwa Mama, wala hakuna aliyetarajia. Alicheka puani, akajaribu kuzuia, akashindwa, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani. Fundi akacheka akiwa bado sakafuni. Daktari alicheka na kulia kwa pamoja, mkono ungali kizimbani.

Walipotulia, Mama aliinuka, akaenda kusimama mbele ya lile bango, akalisoma taratibu, neno kwa neno.

"Hii sheria yako ni nzuri," alisema. "Mimi niliposikia anafuga mbu, niliishia kwenye kadi. Ndevu sikuziangalia."

"Wifi, ulisema achague," Shangazi alimkumbusha, kwa utamu wa mtu anayejua jibu.

"Nilisema. Ulimi hauna mfupa." Mama alimgeukia mwanawe. "Wewe, inuka hapo. Hiyo tepu shingoni ni ya urembo? Huu mkono wako wa maua unabana, umenishika kiwikoni kama pingu. Nipime. Jumamosi ijayo nikija nikute mwingine."

"Jumamosi ijayo?" Fundi na Daktari waliuliza kwa pamoja.

"Sasa hawa watakula nini? Mtu mmoja alishe kizimba kizima mpaka aishiwe damu? Wajukuu atanizalia na nini?"

Daktari alitoa mkono kizimbani. "Itabidi upimwe damu kwanza, Mama. Ndiyo utaratibu."

"Nitapimwa. Na safari hii uangalie mwenyewe."

"Nitaangalia, Mama."

Fundi alimpima mama yake mkono, akataja inchi kwa sauti. Alipomaliza alianza kuikunja tepu.

"Unakunja nini?" Mama alisema. "Na yeye mpime."

"Yeye nilishampima, Mama. Miaka miwili iliyopita. Mara tatu."

"Ulimpima mkono. Wewe umewahi kuona gauni la harusi lenye mkono peke yake?"

Shangazi alipiga kigelegele ambacho kituo kile cha utafiti hakijawahi kukisikia, na mbu wote rafuni wakaruka kwa pamoja. Daktari alisimama wima katikati ya chumba, mkono wake una vipele saba vipya, uso wake umejaa machozi na kicheko. Fundi alimkaribia, akaizungusha tepu mabegani mwake polepole, na kwa muda mrefu hakusoma kilichoandikwa.

"Inchi ngapi?" Mama aliuliza.

Fundi akasoma. Kisha akachomoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika.